Jani la Thelathini na Tatu

Bi Gundi alihesabu tena, safari hii kwa sauti na kwa kidole, kama mwalimu wa zamu anayehesabu vichwa bwenini. Thelathini na tatu.

Alikuwa ametengeneza majani thelathini na mawili. Hilo alikuwa tayari kuliapia mbele ya hakimu yeyote, maana kila jani lilimlia siku tatu nzima: waya ndani, kitambaa juu, gundi, rangi, kisha miiba iliyomchoma vidole mpaka akawa anashika kikombe kwa viganja. La thelathini na tatu lilikuwa limechomoza katikati ya shina, limejikunja. Aliligusa. Lilikuwa laini na baridi, kama sikio la mtoto.

Alirudi kinyumenyume hadi mgongo ukagonga mlango.

"Dada!"

Dada yake mkubwa, mshonaji, aliacha cherehani chumba cha pili akaja na pini mdomoni.

"Umeliweka wewe hili?"

"Mimi?" Akatoa pini. "Lidude lenye miiba kama lile nilifuate kwa lipi? Sanasana nalimwagia chai iliyobaki. Karo la kuoshea vyombo liko mbali, na miguu yangu si ya serikali."

"Jana yalikuwa thelathini na mawili."

"Labda ulihesabu vibaya."

Mama yao alianza hivyohivyo, kwa vijiko. Alisema vimeongezeka. Baada ya miezi sita alikuwa akiviamkia kimoja kimoja kwa adabu zote, na mwaka haukwisha kabla hajawauliza binti zake wao ni wageni wa nani.

Bi Gundi hakuthubutu kuligusa tena lile jani.

Kazi yenyewe ilikuwa pacha wa Babu. Babu alikuwa mmea wa kale, wa ukoo ulioota duniani kabla ua la kwanza halijachanua. Msitu wake ulikuwa umefyekwa wote. Akabaki yeye peke yake ndani ya chungu, katika nyumba ya vioo ya bustani ya mimea, pamoja na mbawakawa wadogo wa rangi ya shaba wasioishi kwingine kokote ila kwenye shina lake. Bi Gundi alikaa naye miezi mitano akimtengenezea pacha wa maonyesho, ili watu waone wanachokaribia kupoteza. Chungu kilekile, udongo uleule. Sahihi yake ya siku zote, dole gumba la rangi nyekundu, aliificha nyuma ya jani la chini kabisa.

Kila Ijumaa, mtunza bustani alipokwenda kunawa, Bi Gundi alivibadilisha vyungu mahali. Mtunza akirudi, sharti amwonyeshe Babu ni yupi. Ijumaa ya mwisho alinyoosha kidole upesi sana, na Bi Gundi akacheka mpaka akashika nguzo, kisha akaenda kutafuta kamba. Aliporudi, mtunza alikuwa ameshaufunga mzigo kwa turubai na kuupakia.

"Mchukue pacha wako uende," mtunza alisema. "Tutakukosa, mimi na Babu."

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Nyumbani kazi iliyobaki ilikuwa ndogo tu: kufunga kwenye shina, kwa uzi mwembamba, mbawakawa tisa aliowasokota kwa waya wa shaba. Alipomaliza, aliwahesabu. Tisa.

Kesho yake asubuhi walikuwa kumi.

Alisimama kizingitini akiomba awe amekosea. Wa kumi akatembea.

Dada mkubwa alimkuta amekaa sakafuni, ameziba macho kama watoto kwenye mchezo wa kujificha. Akaketi kando yake. Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, hakuwa na mzaha.

"Kidudu kinatembea, Dada. Nimekiona kwa macho yangu."

"Mama naye aliona kwa macho yake."

"Maonyesho ni keshokutwa."

"Maonyesho yatakuja mengine, mdogo wangu. Akili huna ya akiba. Kichome kidude hicho chote."

Wakakiburuta hadi uani, jua la saa nne likiwa kali, wakakimwagia mafuta ya taa. Kiliwaka kwa shida. Kilifoka, kikatoa povu kwenye shina, na moshi wake ulikuwa mzito na mbichi. Gundi haijakauka, Bi Gundi alijiambia. Gundi haijakauka. Alisimama hapo mpaka kikabaki kisiki cheusi na vipande tisa vya waya, na moyo wake ukaanza kutulia.

Alasiri alikwenda nyumba ya vioo. Alitaka tu kuketi karibu na Babu mwenyewe, kitu kimoja kisichomdanganya. Mtunza alikuwa na kopo la kumwagilia mkononi.

"Karibu, mwizi wa sura! Mbona umekonda?"

"Babu hajambo?"

"Babu ana adabu siku hizi, usiniulize! Wiki tatu hajaangusha hata unywele. Ila wadudu wake wamehama, sijui wamekasirishwa na nini." Akacheka, akainamisha kopo. "Halafu wewe, ile Ijumaa ulicheka ukaenda zako. Hukuniambia kama nilipatia."

Bi Gundi alipiga magoti. Polepole, kama mtu anayefunua shuka la maiti, akainua jani la chini kabisa.

Dole gumba lilikuwa pale, jekundu. Akili zake zilikuwa timamu kabisa.