Gesi ya Bi Nadjma

Siku ya nne hiyo, na Fundi Hamidou bado alikuwa amechutama mbele ya gari la Pijo kuukuu la Bi Nadjma, macho kwenye geji, uso umekunjamana kama wa mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Bado?" aliuliza jirani, Ansoifa, kutoka upande wa pili wa ua wa mabati.

"Bado kidogo, dada."

"Hata ng'ombe angeshazaa."

Mtaa mzima wa Tsaramandroso, hapo Mahajanga, ulijua kazi yenyewe. Bi Nadjma, mjane wa miaka mitatu, alikuwa ameletewa gari la marehemu mumewe kutoka Nosy Be, akataka kiyoyozi kitolewe maana kinakula petroli bure. Fundi mwingine angekata mpira wa kiyoyozi kwa kisu, gesi ikaenda zake, kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Lakini Hamidou alikuwa amesomea. Gesi hii ya zamani, aliwaambia watu mpaka wakawa wanamkwepa njiani, haiachiwi hewani hata kidogo. Ikipanda inalila lile tabaka la juu linalotukinga na jua kali. Lazima ivutwe kwa mashine, ifungiwe kwenye mtungi, ipelekwe kwa wanaojua kuisafisha au kuiteketeza. Wenzake wa gereji walimwita Daktari wa Mbingu, na yeye, msiseme nimesema mimi, jina lilimpendeza.

Basi siku ya kwanza alikuja na mashine, mtungi na mizani. Akaunga mipira, akafungua koki. Mshale wa geji ukalala kwenye sifuri. Akagonga kioo kwa kidole. Sifuri. Gari halikuwa na gesi hata ya kupulizia vumbi. Bila shaka ilishavuja zamani, alijisemea, na kwa haki angefungua nati zake nne, akang'oa chombo, akaaga.

Hapo ndipo mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, asiyekosa sala ya alfajiri, alipoharibu. Bi Nadjma alitokeza na sinia la kahawa, akauliza kazi itachukua muda gani. Hamidou akasikia mdomo wake mwenyewe ukijibu, "Hii? Hii ni ya siku kadhaa, Bi Nadjma. Haitaki pupa."

Mlaumuni, lakini mjue na shida yake. Alimpenda mwanamke huyu tangu mwaka juzi, siku alipomwona sokoni akimsuta muuza samaki bila kupandisha sauti. Na kwao mwanamume haingii ua wa mjane hivi hivi, akakaa tu, bila shughuli, isipokuwa amekuja na mjomba wake kuposa. Kabla ya magharibi maneno yangekuwa yameshafika bandarini. Kazi ndiyo iliyomfungulia mlango. Kazi ikiisha, mlango umefungwa, naye hajajua bado kama mwenye nyumba anamtaka au anamvumilia.

Kwa hiyo mashine ikavuta upepo. Asubuhi Hamidou aliiwasha, akaupandisha mtungi mizanini, akatikisa kichwa kama mganga. Bi Nadjma alikaa barazani akichambua mchele, na mazungumzo yakaenda, kwa Kikomori chao cha Mahajanga chenye Kimalagasi ndani yake. Waliongea habari za mvua, za wana wa ndugu, za mke wa Hamidou aliyerudi Komoro miaka mingi iliyopita na hakuandika tena. Alicheka vizuri, Bi Nadjma. Hamidou alirudi kwake kila siku akiwa mwepesi, na kila siku njiani aibu ikamkuta.

"Jana mtungi ulikuwa kilo ngapi, fundi?" aliuliza Bi Nadjma siku ya tano.

"Kumi na mbili."

"Na leo?"

Hamidou akaangalia mizani kama anayeiona mara ya kwanza. "Kumi na mbili. Na kitu."

"Gesi yangu nyepesi," alisema Bi Nadjma, akatupa kijiwe cha mchele uani.

Siku ya sita Ansoifa alitandika mkeka kabisa karibu na mabati ili asipitwe. Bi Nadjma alileta kahawa na mkate wa moto, na Hamidou akaumega ule mkate, akaurudisha siniani. Alikuwa anakula cha mwanamke ambaye yeye mwenyewe anamdanganya. Akisema kweli, atampoteza. Asiposema, hata akimpata atakuwa amempata kwa uongo, na huo uongo atalala nao maisha yake yote.

Akazima mashine.

"Bi Nadjma, nimekukosea," alisema, kwa sauti ndogo ili mabati yasisikie. "Humu hamna gesi. Hamkuwa na gesi tangu siku ya kwanza, na nilijua. Nilitaka tu niwe nakuja."

Bi Nadjma hakuinua uso. Alisukuma ungo wake wa mchele kando, akanyanyuka, akaingia ndani. Hamidou akaanza kukunja mipira, moyoni ameshafika kwake na kujifungia. Alikuwa ameshafunga kila kitu pale mwanamke aliporudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akampa.

Ilikuwa karatasi ya gereji moja ya Andoany, kulekule Nosy Be, yenye mhuri. Pijo, namba ileile. Gesi ya kiyoyozi imevutwa yote kwa mashine, gramu mia tisa, na mtungi umepelekwa kunakohusika. Tarehe ilikuwa ya mwaka jana. Chini, penye saini ya mwenye gari aliyesimamia kazi hiyo mwanzo hadi mwisho, palikuwa pameandikwa kwa mwandiko mzuri: Nadjma.

"Feni ya sebuleni nayo ina gesi," alisema Bi Nadjma, akikusanya vikombe. "Njoo Jumapili uitoe. Na uje na mjomba wako, akusaidie kubeba mtungi."