Mwenye Kesi ni Cherehani

Askari wa zamu kituoni alimwambia tena Mwanamkuu kwamba yeye hana kesi. "Mwenye kesi ni cherehani yako, mama. Tuliikuta chumba kimoja na majora ya vitambaa vya wizi."

"Mwenye majora mlishamwachia."

"Huyo alijieleza. Cherehani haijajieleza."

"Mahabusu si hutembelewa?" Mwanamkuu aliuliza, akatoa kichupa cha mafuta ya cherehani.

Askari, kwa mazoea ya kuwaambia wanaoleta chakula cha mahabusu, akasema, "Onja kwanza." Aliposikia alichosema alitaka kucheka, lakini Mwanamkuu alikuwa ameshatia tone ulimini.

Akampeleka uani. Cherehani ilisimama kati ya pikipiki zilizokamatwa, zilizootewa na majani. Chini ya sindano bado kulikuwa na mkono wa gauni la harusi la binti yake, aliyekwisha kuolewa kwa gauni la kuazima. Mwanamkuu alifuta kutu kwa ncha ya kanga, akatia mafuta, akazungusha gurudumu taratibu. Sindano ikashuka, ikapanda na uzi.

"Muda umekwisha, mama," askari alisema kwa sauti ndogo, akiwa amempa mgongo.

Mwanamkuu akazungusha tena.