Mtungi wa Pili

Baba alishaondoka asubuhi na mtungi wa kwanza wa hewa, kwenda kupiga mbizi chini ya meli bandarini. Mimi nilibaki mtaa wa Gerezani, kwenye karakana ya Muhiddin ulikojazwa huo wa kwanza, nikingoja wa pili ujae.

Kilichonitia wasiwasi ni bomba la moshi la injini iliyoendesha mashine ya kujazia mitungi. Lilielekea pale pale mashine ilipovutia hewa.

Mtungi ulipojaa nilifungua koki kidogo, nikakinga kitambaa changu cheupe. Hewa ikapiga kwa nguvu. Kwenye kitambaa pakabaki duara la manjano, lenye utelezi.

Nikalinusa.

“Unanusa kama unanunua samaki!” Muhiddin akacheka. “Hewa ni hewa, binti.”

“Baba anasema hewa nzuri haina harufu.”

“Baba yako anadeka. Ashukuru mashine inawaka, spea zenyewe hakuna.”

“Basi nusa na wewe, fundi.”

Alikipokea kitambaa huku bado anacheka. Akakipeleka puani. Akakinusa tena, polepole, macho yakienda kwenye bomba la moshi.

Akazima injini.

“Binti,” akasema, “baba yako ameshashuka majini?”