Lugha Aliyoitunga Riziki

Mbele ya ukumbi uliojaa watu, Machano alijisifu kwamba lugha ndogo ya kuwaamrisha wahusika wa mchezo wao wa kompyuta aliitunga yeye. Aliyeitunga ni Riziki, mfanyakazi mwenzake, aliyeketi nyuma kabisa.

"Hebu mwambie huyo askari akae, mwanangu," mama mmoja akaomba.

Machano akaandika: *kaa askari*. Askari hakutikisika, injini inayoendesha mchezo haikuielewa amri. Akaandika tena vilevile, jasho likimtoka.

"Jina linatangulia, kaka," Riziki akasema kwa upole.

Machano akaandika: *askari kaa*. Askari akaketi, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Machano aliinamia kibodi, uso ukimwaka kwa aibu. Alipothubutu kutazama nyuma, Riziki naye alikuwa akipiga makofi.