Uzi Mwekundu Nyumbani kwa Saumu

Kila nyumba yenye mgonjwa wa neva ina ramani ukutani, na ya Saumu ilikuwa imemmalizia watu. Ramani huunganisha damu na vijidudu vya tumboni vya wote wanaolala chini ya paa moja, kisha huonyesha kwa uzi mwekundu ni mwili wa nani unaochochea maradhi. Uzi ukikufikia, sheria inakutaka uhame siku hiyohiyo. Mumewe alitangulia, akafuata mama mkwe. Kila mara binti yao mgonjwa, Mwanamvua, alipata nafuu ya mwezi, kisha uzi ukatafuta mwingine.

Asubuhi hii ulitua kwa Saumu.

“Hawezi kushika kijiko,” alimwambia mpimaji aliyekuja kuisoma ramani. “Namtia tonge mdomoni kwa mkono huu.”

“Ukiondoka, mama, huenda mkono wake ukarudi. Msaidizi ataletwa kesho kutwa, uzi ukishatulia.”

“Na mkono usiporudi?”

Mpimaji aliandika tarehe ya leo kando ya ramani, akaondoka.

Saumu alipika wali, akafinyanga matonge saba, akayapanga kwenye sinia kitandani. La kwanza aliligusisha vidole vya Mwanamvua. Yaliyobaki aliyasogeza, kila moja mbali kidogo kuliko lenzake.

“Mbona lile umeliweka kule, mama? Silifikii.”

“Lile la kesho,” alisema Saumu, akijitanda mtandio. “Kesho utalifikia.”

Akatoka upesi, kabla mwanawe hajamwuliza ni nani aliyesema hivyo.