Macho ya Paka wa Justa

Serafina aliusukuma mlango wa Justa bila kubisha hodi, na hilo peke yake lilitosha kuanzisha ugomvi.

Mwezi mzima mumewe, Kamili, akitoka shimoni kuchimba dhahabu ya Wazungu, alikuwa hapiti nyumbani kwanza. Anapitia kwa Justa, yule mjane wa mstari wa pili pale kambini, eti paka wake anaumwa macho na bwana mifugo ameacha dawa ya kumtia kila jioni. Paka! Mwanaume aliyeshindwa hata kumshika mwanawe Mabula achanjwe ndui, leo ndiye mganga wa paka. Wivu ni kidonda, na cha Serafina kilikuwa kimetunga usaha. Aliapa kwamba akikuta jambo, anambeba Mabula mgongoni, anarudi kwa mama yake Ushirombo, na ndoa ya kanisani ibaki na huyo paka.

Ndani, Kamili alikuwa amekaa kwenye kigoda na furushi mapajani. Justa alikuwa ameinama mbele yake, kichupa mkononi.

"Mwadila, Mama Mabula," Justa alimsalimu, wala hakushtuka. "Afadhali umekuja. Hebu sogeza koroboi."

Furushi likalia. Serafina akasogea na taa. Alikuwa paka kweli, kazungushiwa kanga kama mtoto mchanga, kichwa tu nje, macho yamevimba na kujaa tongotongo. Justa aliyafuta kwa pamba na maji ya uvuguvugu, akavuta kope la chini, akadondosha dawa. Paka alinguruma kwa hasira, lakini hakuweza kuchomoa hata mguu.

"Bila kanga hii angetumaliza," Justa alieleza. "Na hafunguliwi mpaka dawa imwingie, la sivyo ataifuta yote."

"Umeona sasa, mke wangu?" Kamili aliuliza.

Serafina aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kumbe alikuwa anamtukana mjane wa watu bure moyoni! Aliomba radhi, akawaachia paka wao, akakimbilia nyumbani kuchinja jogoo. Alimnyonyoa huku akicheka peke yake kama mwehu. Jogoo aliiva kabla Kamili hajarudi, na hata hilo halikumkera.

Kamili alipofika alikuta ugali, kuku, na karai la maji ya moto uani.

"Leo nakusugua mgongo mwenyewe," Serafina alisema.

"Aa, nimeshaoga bafu la kazini."

"Mwezi mzima bafu la kazini, Baba Mabula! Mimi ni mkeo au ni jirani yako?"

Alimvuta shati kwa utani. Kamili alilishikilia, akacheka kicheko kifupi, lakini shati likatoka. Serafina akachota maji kwa kata, akamgeuza mgongo kwenye mwanga wa koroboi.

Mikwaruzo ilishuka kutoka mabegani hadi kiunoni, minne minne, pande zote mbili. Mingine ilikuwa imeshakauka, mingine ingali mibichi.

"Huyo paka," Kamili alisema upesi, "ana kucha kama wembe."