Gitaa Kwenye Stoo ya Halmashauri

Wakubwa walipofunga ukumbi wa dansi walibeba vyombo vyote vya muziki, na mpiga gitaa Lubango akafuatilia gitaa lake miaka mitatu. Kila siku njoo kesho. Siku walipolitoa stoo wakaliweka mezani, karani Kirumbi alikuwa amekaa kakunja nne.

"Thibitisha ni lako, mzee. Hapa kila anayekuja ni mwanamuziki."

"Nithibitishe vipi, bwana mkubwa? Nimelipiga miaka arobaini."

"Basi piga. Hiyo jazi yenu ya Kikyuba."

Lubango akakaza nyuzi, akapiga chacha, mdundo wa dansi ya Kikyuba aliyoichanganya na jazi yeye mwenyewe. Katikati palikuwa na mahali alipozoea kunyamaza kidogo ili mkewe Mwantumu aingize manyanga. Mwantumu alishafia kwenye hospitali ya halmashauri hiyohiyo, isiyo na dawa, lakini mkono ukanyamaza wenyewe kwa mazoea.

Manyanga yakalia ndani ya stoo iliyofungwa kwa kufuli.

Kirumbi akashusha mguu. "Nani yumo humo?"

"Ufunguo si unao wewe?"

Lubango akakirudia kipande kile. Yakajibu tena, yakichelewa kidogo, vilevile alivyokuwa akichelewa Mwantumu.

"Ni lako, mzee, ni lako! Chukua uende, hata saini sitaki!"

Lakini Lubango hakunyanyuka. Akiondoka, nani atamwachia Mwantumu nafasi ile? Akaendelea kupiga. Chini ya mlango wa stoo mwanga ukakatika mahali pawili, kama miguu ya mtu anayetafuta pa kusimama.